Kuku Wakifa Wengi, Usiseme Kideri Tu: Jinsi Mafua Yanavyovuka Kutoka kwa Wanyama Kuja kwa Watu



Kuku wakianza kufa kijijini, wote tunasema neno moja: "Kideri kimeingia." Mara nyingi tunasema kweli. Kisha kila mtu anafanya haraka. Kuku anayesinzia anachinjwa kabla hajafa. Aliyekufa usiku ananyonyolewa asubuhi. Wale wanaosimama bado wanafungwa miguu na kupelekwa mnadani, wauzwe mapema.

Tunafanya hivyo kwa sababu kuku ni mali. Kuku ni chumvi, ni sabuni, ni daftari la mtoto. Hakuna anayependa kuitupa mali yake shimoni. Lakini kuna ugonjwa mwingine wa kuku ambao kwa macho unafanana sana na kideri. Ugonjwa huo ni mafua ya ndege. Virusi vyake vinaweza kutoka kwa kuku vikaingia kwa mtu, na mtu huyo akafa.

Leo tujifunze jinsi mafua yanavyovuka kutoka kwa mnyama wa aina moja kwenda kwa mwingine, na jinsi ya kujilinda. Soma polepole. Kama mko darasani, mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize.

MAFUA MAKALI NI NINI?

Sisi huita mafua kila ugonjwa wa kutoka kamasi. Lakini mafua si ya namna moja. Yapo mafua madogo. Mtu anapiga chafya, anatoka kamasi siku chache, huku anaendelea na kazi zake. Yapo pia mafua makali, ambayo wataalamu huyaita influenza. Haya huja ghafla. Mtu analala mzima, anaamka na homa kali. Kichwa kinagonga, misuli inauma kama aliyelima kutwa nzima, na kikohozi hakimwachi. Wengi hupona. Lakini wazee, watoto wadogo, mama wajawazito na watu wenye magonjwa mengine wanaweza kufa.

Mafua makali huletwa na virusi. Virusi ni vidogo mno. Ukivipanga virusi 10,000 vya mafua kwenye mstari mmoja, urefu wake utakuwa milimita 1 tu. Havionekani kwa macho. Tena haviwezi kuzaana vyenyewe. Ni lazima viingie kwanza ndani ya chembe hai za mwili wa mtu, ndege au mnyama. Humo ndimo huzaana.

MAKAO YAKE YA ASILI

Makao ya asili ya virusi vingi vya mafua ni ndege wa majini, kama vile mabata ya mwituni. Virusi hukaa katika matumbo yao, na mara nyingi ndege mwenyewe haugui. Anaruka, anakula, anataga. Lakini kila anapokunya, virusi hutoka na kuingia majini au matopeni.

Sasa tazama bwawa lililo karibu na kijiji. Ndege wa mwituni wametua pale. Bata wako wa nyumbani naye amekwenda kuogelea. Jioni bata anarudi uani na kulala pamoja na kuku. Hivyo virusi vimetoka porini vikaingia nyumbani kwako, na hakuna aliyeviona.

Kuku hawana kinga kama ya bata wa mwituni. Baadhi ya virusi vya mafua vikifika kwa kuku hugeuka kuwa vikali sana. Banda zima linaweza kwisha kwa siku chache.

KUFULI NA UFUNGUO

Pengine utauliza: Kama virusi hivi vinaua kuku namna hiyo, kwa nini watu wote wa kijiji hawaugui?

Fikiri habari ya kufuli na ufunguo. Kila chembe hai ya mwili ni kama nyumba iliyofungwa kwa kufuli. Kirusi cha mafua kina miiba midogo mwilini mwake. Miiba hiyo ndiyo ufunguo wake. Ufunguo ukikubali, kirusi kinaingia. Ukikataa, kinabaki nje.

Kufuli za ndege na kufuli zilizo puani na kooni mwa mtu hazifanani. Kwa hiyo mafua ya ndege hayaingii kwa mtu kirahisi. Lakini ndani kabisa ya mapafu ya mtu, na pia machoni, zipo kufuli za aina ile ya ndege. Mtu akivuta hewa yenye virusi vingi, au akijipangusa jicho kwa mkono wenye damu ya kuku mgonjwa, virusi vinaweza kupata mlango.

Hapo utaona mambo mawili. Kwanza, mtu aliyepata mafua ya ndege anaweza kuugua vibaya sana, kwa sababu virusi vimeingia chini mapafuni. Pili, hawaambukizi wenzake kirahisi, kwa sababu virusi haviko kwa wingi puani na kooni. Mpaka sasa mafua ya ndege hayajapata njia rahisi ya kutoka mtu hadi mtu.

Lakini ufunguo unaweza kubadilika. Virusi vinapozaana hufanya makosa, kama mtu anayenakili barua ndefu kwa haraka. Makosa mengi hayana faida kwa virusi. Lakini siku moja kosa moja linaweza kuuchonga ufunguo ukaingia katika kufuli ya mtu. Kila kuku mgonjwa, na kila mtu anayeambukizwa na kuku, anavipa virusi nafasi nyingine ya kujaribu.

KARATASI 8 ZINAZOCHANGANYIKA

Ipo njia nyingine ya hatari. Ndani ya kila kirusi cha mafua kuna maagizo ya namna ya kutengeneza virusi vingine. Tuseme maagizo hayo yameandikwa katika karatasi 8. Karatasi hizo hazikushonwa pamoja kama daftari. Kila moja iko peke yake.

Ikiwa virusi vya mafua ya ndege na virusi vya mafua ya watu vimeingia pamoja katika chembe moja, karatasi zao zinaweza kuchanganyika. Kirusi kipya kinatoka na karatasi chache za huyu na chache za yule. Ni sawa na mahindi meupe na mahindi ya njano yaliyopandwa mashamba jirani. Wakati wa mavuno unakuta gunzi moja lina punje za rangi mbili.

Jambo hili limekwisha kutokea. Mwaka 1957 yalienea duniani mafua mapya. Virusi vyake vilikuwa na karatasi 5 kutoka mafua ya watu na 3 kutoka mafua ya ndege. Mwaka 1968 yalikuja mengine, yenye karatasi 2 za ndege. Kila mara watu wapatao milioni 1 au zaidi walikufa. Miili ya watu ilikuwa haijavijua virusi hivyo, kwa hiyo haikuwa na kinga.

Nguruwe ni mahali pazuri pa kuchanganyikia, kwa sababu anaweza kupata mafua ya ndege na pia mafua ya watu. Mwaka 2009 mafua mapya yalionekana kwanza Mexico na Marekani. Wataalamu walipoyachunguza walikuta mchanganyiko wa vipande vya nguruwe, ndege na watu. Katika muda wa miezi michache yalikuwa yamefika karibu kila nchi. Kisha watu nao wakawaambukiza nguruwe katika nchi nyingi. Kumbe mafua huvuka huku na huku.

Hapa tusichanganye majina. Homa ya nguruwe, ile inayomaliza mazizi ya nguruwe huku kwetu, si mafua. Ile huua nguruwe, lakini haiambukizi watu.

MAMBO YALIYOKWISHA TOKEA

Mafua makubwa kuliko yote yanayokumbukwa yalikuja mwaka 1918, Vita Kuu ya Kwanza ilipokuwa ikimalizika. Wataalamu wanaona kwamba asili yake ilikuwa mafua ya ndege. Yalisafiri kwa meli, kwa reli na kwa miguu ya askari na wapagazi, yakafika mpaka huku Afrika Mashariki. Inakadiriwa kwamba watu milioni 50 walikufa duniani.

Mwaka 1997 mtoto mmoja wa miaka 3 alikufa huko Hong Kong. Aliuawa na aina ya mafua ya ndege iitwayo H5N1. Kabla ya hapo haikujulikana kwamba aina hii inaweza kumwua mtu. Mwaka huo watu 18 waliugua na 6 walikufa. Kuku walio hai walikuwa wakiuzwa katika masoko yaliyojaa watu. Serikali ya huko iliamua kuchinja kuku wote, zaidi ya milioni 1. Ilikuwa hasara kubwa. Lakini baada ya hapo wagonjwa wapya hawakuonekana tena katika mlipuko ule.

Virusi hivyo havikuisha duniani. Mwaka 2006 vilifika Afrika, kwanza Nigeria, kisha Misri na nchi nyingine. Misri ndiyo iliyopata wagonjwa wengi kuliko nchi yoyote ya Afrika, zaidi ya 350. Wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Tutaona sababu yake hapa chini. Kwa dunia nzima, tangu mwaka 2003 watu zaidi ya 900 wamepatikana na H5N1, na karibu nusu yao walikufa.

Je, ugonjwa huu uko mbali nasi? Hapana. Januari 2017 ndege wa majini walianza kufa kwa wingi kando ya Ziwa Victoria, upande wa Uganda, karibu na Entebbe. Wengi walikuwa ndege wa msimu, wale wanaokuja kila mwaka kutoka Ulaya na Asia. Kisha kuku na bata wa nyumbani wakaonekana nao wamekufa huko Masaka. Vipimo vilionyesha mafua ya ndege ya aina ya H5N8. Kenya ikazuia kuku wa kutoka Uganda. Ziwa ni moja, na ndege hana mpaka wala pasi ya kusafiria.

Wanyama wengine nao hawakusalimika. Mwaka 2004 nchini Thailand chui milia wengi walikufa baada ya kulishwa kuku wabichi wenye ugonjwa. Mwaka 2024 huko Marekani virusi vya H5N1 vilionekana katika ng'ombe wa maziwa. Virusi vilijaa katika viwele na maziwa. Paka walikunywa maziwa hayo mabichi, na wengi walikufa. Baadhi ya wafanyakazi waliokuwa wakikamua waliugua macho yakawa mekundu.

HATARI IKO WAPI NYUMBANI?

Sasa turudi katika habari ya Misri. Kwa nini wanawake na watoto? Kwa sababu wao ndio wanaolisha kuku, wanaofagia kinyesi, wanaochinja na wanaonyonyoa. Na huku kwetu ni vivyo hivyo. Baba anakuta kitoweo kiko mezani. Mama na binti ndio walioshika kuku.

Watu wengi husema: "Moto unaua kila kitu. Nikimchemsha sana kuku aliyekufa, hana neno." Ni kweli kwamba moto unaua virusi vya mafua. Lakini kabla nyama haijafika jikoni, kuna kazi nyingi. Unamkata, damu inaruka. Unamtia maji ya moto, unanyonyoa, mavumbi ya manyoya yanaingia puani. Unapasua tumbo na kutoa matumbo. Mikono yako imejaa virusi, kisha unajipangusa jasho usoni. Mtoto yuko pembeni anachezea miguu ya kuku. Hatari iko hapo, kabla chungu hakijawekwa motoni.

Hatari nyingine ni kulala na kuku chumba kimoja. Tunafanya hivyo kwa kuogopa wezi na vicheche. Lakini mtu anavuta hewa yenye vumbi la kinyesi usiku kucha. Jengeni banda imara la miti na udongo, lenye mlango wa kufunga, nje ya nyumba ya kulala.

KIDERI AU MAFUA YA NDEGE?

Dalili za mafua ya ndege ni hizi: kuku wengi kufa ghafla, kichwa kuvimba, kishungi chekundu cha kichwani kugeuka rangi ya zambarau, kuhema kwa shida, kuhara, shingo kupinda, kuacha kutaga.

Utasema: "Mbona nyingi ni dalili za kideri?" Naam. Hapo ndipo penye taabu. Hata mtaalamu hawezi kuyatenga magonjwa haya mawili kwa macho tu. Ni lazima sampuli ipimwe maabara.

Lakini unaweza kumsaidia Bwana Mifugo. Chanja kuku wako dhidi ya kideri. Chanjo ya matone hutiwa tone 1 katika jicho la kila kuku, na hurudiwa kila baada ya miezi 3. Kwanza utaokoa kuku wako, maana kideri ndicho kinachoua kuku wengi vijijini. Pili, kuku waliochanjwa vizuri wakifa wengi kwa ghafla, wote mtajua kwamba kuna jambo jingine, na mtapiga mbio kutoa taarifa.

KUKU WAKIFA WENGI, FANYA HIVI

1. Usile kuku mgonjwa wala aliyekufa. Usimpe mbwa wala paka.

2. Usiuze wala usimpe mtu. Kuku mmoja mgonjwa akifika mnadani, jioni ugonjwa unaweza kuwa umefika vijiji kumi.

3. Toa taarifa siku hiyo hiyo kwa Bwana Mifugo au kwa mtendaji wa kijiji. Ndege wa mwituni wakionekana wamekufa kwa wingi, toa taarifa vilevile.

4. Zuia watoto wasikaribie. Mizoga isiguswe mpaka upate maelekezo.

5. Ukiambiwa uzike mizoga, vaa glavu za mpira. Ukikosa, funga mikono kwa nailoni isiyotoboka. Funga pua na mdomo kwa kitambaa. Chimba shimo refu ambalo mbwa hawawezi kulifukua. Usitupe mizoga mtoni wala ziwani.

6. Nawa mikono kwa sabuni na maji. Kirusi cha mafua kimevaa koti la mafuta, na sabuni huliyeyusha koti hilo kama inavyoyeyusha mafuta katika sufuria. Kirusi kikikosa koti, kinakufa. Fua na nguo ulizovaa.

7. Kuku mgeni, hata akiwa zawadi, mtenge kwa wiki 2 kabla ya kumchanganya na wengine. Bata na kuku wasilale pamoja.

Kuku mzima si wa kuogopwa. Kula kuku na mayai, maana ni chakula bora kwa watoto. Nyama iive mpaka isibaki damu wala wekundu ndani. Yai liive mpaka kiini kiwe kigumu. Maziwa yachemshwe.

MTU AKIUGUA

Ikiwa umeshika kuku wagonjwa, na ndani ya siku 10 ukapata homa, kikohozi, koo kuuma, macho mekundu au kupumua kwa shida, nenda zahanati upesi. Ukifika, sema wazi: "Kuku wangu wamekufa, na mimi niliwashika." Maneno hayo ni muhimu kama dawa. Sisi wahudumu wa zahanati tukiona homa, kwanza tunafikiri malaria. Usipotueleza habari ya kuku, hatuwezi kuijua.

Ipo dawa ya kupigana na virusi vya mafua, nayo hufaa zaidi ikianzwa mapema, ndani ya siku 2 za kuugua. Vidonge vya kuua bakteria haviui virusi. Usinunue dukani ukakaa nyumbani kungoja.

KUFICHA HAKUOKOI MALI

Najua neno lililo moyoni mwa wengi. "Nikitoa taarifa, kuku wote watachinjwa." Huenda ikawa hivyo, nayo ni hasara inayouma. Lakini kuku wenye mafua ya ndege watakufa vyovyote vile. Ukificha, utapoteza kuku wako, kisha na jirani atapoteza wake, na huenda mkampoteza mtu. Ukitoa taarifa mapema, ugonjwa unaweza kukomea katika ua mmoja. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Zungumzeni jambo hili katika mkutano wa kijiji kabla halijatokea. Patanani nani atapokea taarifa, mizoga itazikwa wapi, na jinsi ya kumsaidia jirani aliyepoteza kuku wake. Mwenye kuku akijua kwamba hataachwa peke yake, hataficha.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini bata mzima anaweza kuleta ugonjwa kwa kuku?

2. Kwa nini mafua ya ndege hayaingii kwa mtu kirahisi? Elezeni kwa mfano wa kufuli na ufunguo.

3. Kuku aliyekufa akipikwa sana, je, hatari imekwisha? Kwa nini?

4. Katika kijiji chenu, ni nani hunyonyoa na kusafisha kuku? Mnaweza kumlinda vipi?

5. Kuku wakifa leo usiku, taarifa itafikaje kwa Bwana Mifugo kesho asubuhi?